Historia ya Kupima Shinikizo la Damu: Tangu Bomba la Shaba hata Kifaa cha Kuvaliwa Bila Mkanda

Maradhi ya shinikizo la damu huitwa na watu wengi presha, neno lililotoka katika Kiingereza. Wataalamu wamependelea neno shinikizo, litokanalo na kitenzi kushinikiza, yaani kukaza na kukandamiza. Jina hili lachukuana vizuri na desturi ya zahanati, maana mtu apimwapo hufungwa mkanda wa mpira mkononi, mkanda ukajazwa upepo hata ukambana, ndipo tabibu akajua damu yake yasukuma kwa nguvu gani. Lakini miaka hii vimetokea vifaa visivyobana kitu. Ni saa, bangili na vibandiko vivaliwavyo mchana na usiku, navyo husemwa kuwa vyasoma shinikizo la damu saa zote bila mkanda wowote.

Watu wengi hudhani kwamba vifaa hivyo ni jambo jipya kabisa. Makala haya yakusudia kuonyesha ya kuwa ni tawi la mti wa zamani, na kwamba upungufu ulio ndani yake leo ulikwisha onekana katika karne ya 19. Aijuaye historia hiyo ataweza kupima mwenyewe madai ya wauzaji wa vifaa hivi.

MASWALI MAWILI

Tangu mwanzo watu waliojishughulisha na damu itembeayo mwilini walikuwa na maswali mawili. La kwanza ni hili: damu yasukuma kuta za mshipa kwa nguvu kiasi gani? Jibu lake ni namba. La pili ni hili: nguvu hiyo yabadilikaje tangu pigo moja la moyo hata la pili, na tangu saa moja hata nyingine? Jibu lake ni mchoro. Habari yote ya kupima shinikizo la damu ni habari ya maswali haya mawili, ambayo mara huenda pamoja na mara huachana.

Mtu wa kwanza kupata jibu lililoandikwa kwa vipimo alikuwa kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, wa Teddington karibu na London. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1733 alieleza jinsi alivyomfunga kamba farasi jike, akamlaza chali hali yu hai, akaupasua mshipa mkubwa wa paja na kutia bomba dogo la shaba. Bomba hilo aliliunganisha na neli ya kioo yenye urefu wa futi 9, akaisimamisha. Damu ilipanda katika kioo hata futi 8 na inchi 3 juu ya usawa wa moyo, ikawa yapanda na kushuka kidogo kwa kila pigo. Hales, basi, aliyapata majibu yote mawili kwa jicho lake, namba na mwendo wake. Lakini kwa gharama kubwa, maana njia hiyo haikuweza kutumiwa kwa mtu.

Tukiugeuza urefu ule kuwa kipimo cha siku hizi twapata karibu milimita 190 za zebaki, nayo ni namba kubwa. Yafaa kukumbuka kwamba mnyama yule alikuwa amefungwa na kupasuliwa. Namba ya Hales ilikuwa namba ya damu na ya hofu pamoja, na jambo hilo tutalikuta tena mbele.

Jean Léonard Marie Poiseuille, tabibu wa Ufaransa, aliondoa neli ndefu mwaka wa 1828 kwa kutumia zebaki, ambayo uzito wake ni mara 13.6 kuliko maji. Neli ya futi 9 ikawa neli fupi ya kuwekwa juu ya meza. Ndiyo sababu hata leo twahesabu kwa milimita za zebaki. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yaliweka mwaka wa 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipimo vya zebaki vya namna hiyo. Zebaki yaondoka, jina lake limebaki katika hesabu.

Mwaka wa 1847 Carl Ludwig, Mjerumani, aliweka kielezi kidogo juu ya zebaki ile, akakifunga kalamu, na kalamu ikaandika juu ya karatasi iliyozungushwa katika pipa. Kwa mara ya kwanza shinikizo la damu lilijiandika lenyewe bila kukatika, pigo kwa pigo. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kupima mfululizo. Lakini bado palitakiwa kisu na mshipa uliopasuliwa.

NJIA YA MCHORO

Haja ya matabibu ilikuwa kupata habari hizo pasipo kumjeruhi mtu. Mwaka wa 1860 Étienne-Jules Marey wa Ufaransa alitengeneza chombo kiitwacho sfigmografu. Kilifungwa katika kigasha cha mkono. Bamba la chuma lenye kamani liliulalia mshipa wa kifundo, na kila pigo likainua ufito mwembamba ulioandika juu ya karatasi iliyotiwa masizi na kuendeshwa kwa mashine ya saa. Msomaji akikitazama chombo hicho katika picha ataona mara moja ukoo wake: ni kifaa cha kuvaliwa mkononi, kiuguzacho mshipa ule ule ambao saa za leo zaukaribia, nacho hutoa mchoro wa pigo bila kumwaga tone la damu.

Mtu aliyeonyesha faida ya mchoro huo alikuwa Frederick Akbar Mahomed, tabibu wa Guy's Hospital ya London. Alizaliwa mwaka wa 1849, mjukuu wa Sake Dean Mahomed aliyetoka Bara Hindi. Tangu alipokuwa mwanafunzi alikitengeneza upya chombo cha Marey, akakitia kipimo cha uzito ili aweze kukadiria ni mkazo gani watakiwa kuubana mshipa. Kwa kulinganisha michoro ya watu wengi alitambua kwamba wapo watu ambao damu yao yasukuma kwa nguvu kupita kiasi hali wajiona wazima, na kwamba nguvu hiyo yaweza kutangulia maradhi ya figo. Huu ulikuwa uvumbuzi mkubwa, kwani hadi hapo watu walidhani kuwa figo zilizoharibika ndizo asili ya shida. Mahomed alikufa mwaka wa 1884, umri wake miaka 35.

Lakini njia yake ilikuwa na kasoro moja. Umbo la wimbi la damu halitokani na shinikizo peke yake. Latokana pia na ugumu wa mshipa, umri wa mtu, mwendo wa moyo, na jinsi chombo kilivyofungwa. Watu wawili waweza kuwa na michoro iliyofanana na shinikizo lililo mbalimbali. Fundi stadi kama Mahomed aliweza kuisoma. Tabibu wa kawaida hakuweza, wala hapakuwa na namba moja ambayo daktari wa London na daktari wa Paris wangeweza kupelekeana kwa barua wakaelewana.

NJIA YA NAMBA

Kwa sababu hiyo namba ilishinda. Samuel von Basch wa Vienna alijaribu mnamo mwaka wa 1880 kuubana mshipa wa kifundo kwa mfuko mdogo wa maji uliounganishwa na kipimo, akatazama ni wakati gani pigo latoweka. Mwaka wa 1896 Scipione Riva-Rocci wa Torino, Italia, akafanya jambo rahisi zaidi: aliuzungushia mkono wote mpira kama wa gurudumu la baiskeli, akaupuliza, akaangalia zebaki ilikuwa imefika wapi pigo lilipokatika. Mpira wake ulikuwa mwembamba mno, ukatoa namba kubwa kuliko haki. Heinrich von Recklinghausen aliupanua mwaka wa 1901. Mwaka huo huo Harvey Cushing, mpasuaji wa Marekani, alikiona chombo hicho Pavia akakichukua hata Baltimore. Mwaka wa 1905 Nikolai Korotkov, huko St. Petersburg, alieleza kwa maneno machache sana jinsi ya kusikiliza mshipa chini ya mkanda kwa chombo cha masikio: sauti ya kwanza yaonyesha kipimo cha juu, na sauti ipoteapo yaonyesha kipimo cha chini. Njia hiyo haijaachwa hata leo.

Sababu ya kushinda kwa mkanda yafaa kuelezwa kwa mfano. Mkanda ni mizani. Kama vile mwenye duka awekavyo jiwe la ratili upande mmoja hata mikono ya mizani ikalingana, ndivyo mkanda uwekavyo nguvu ya upepo ijulikanayo dhidi ya nguvu ya damu isiyojulikana, mpaka moja ikaizuia nyingine. Hauhitaji kujua mtu ana umri gani wala mshipa wake una ugumu gani. Kwa hiyo makampuni ya bima ya maisha ya Marekani yaliupokea mapema katika karne ya 20, na katika hesabu zao ikadhihirika kwamba wenye namba kubwa hufa mapema.

Mkanda ulifika Afrika Mashariki pia. Mwaka wa 1929 daktari C. P. Donnison alitangaza matokeo ya kuwapima watu wapatao 1,000 katika magharibi ya Kenya, akaeleza kuwa shinikizo lao halikupanda pamoja na umri kama lilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Mwaka wa 1990 Neil Poulter na wenzake walitangaza uchunguzi wa Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi: shinikizo la wahamiaji lilipanda baada ya muda mfupi tu mjini kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, na mabadiliko ya chumvi katika chakula yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoshukiwa. Habari hizi mbili zatosha kuonyesha kwamba maradhi haya si ya Ulaya peke yake, na kwamba bila namba moja inayoaminika pasingekuwa na njia ya kulinganisha kijiji na mji, wala jana na leo.

HAJA YA MFULULIZO

Pamoja na sifa zake mkanda una upofu. Hutoa namba ya dakika moja, tena katika chumba cha daktari. Mwaka wa 1969 Bevan, Honour na Stott wa Oxford walitangaza matokeo ya kuwavisha watu mrija mwembamba ndani ya mshipa wakaenda nao kazini na kitandani. Shinikizo lilionekana kupanda na kushuka mchana kutwa, na kushuka sana usingizini. Mwaka wa 1983 Giuseppe Mancia na wenzake wa Milano walitumia mrija kama huo kwa wagonjwa hospitalini, wakaona kwamba daktari akifika tu kando ya kitanda na mkanda wake, kipimo cha juu hupanda kwa wastani wa milimita karibu 27. Hofu ya farasi wa Teddington ilikuwa ingali ikihesabiwa pamoja na damu.

Huko San Francisco, Maurice Sokolow na wenzake walikwisha onyesha mwaka wa 1966 kwamba vipimo vilivyochukuliwa na mgonjwa mwenyewe katika shughuli zake, kwa mashine ya kuchukuliwa, hupatana na madhara ya moyo na mishipa kuliko kipimo cha chumba cha daktari. Mwaka wa 1988 Eoin O'Brien na wenzake wa Dublin waliandika kwamba watu ambao shinikizo lao halishuki usiku walikuwa wameugua kiharusi zaidi kuliko wale ambao hushuka. Basi usiku ukawa na habari muhimu. Lakini mashine ya saa 24 hupuliza mkanda kila baada ya dakika 15 hadi 30, ikamwamsha mtu yule yule ambaye yataka kujua usingizi wake ukoje. Jan Peňáz wa Brno, Chekoslovakia, alionyesha mwaka wa 1973 njia ya kupima kila pigo kwa kamkanda ka kidole kaongozwako na nuru, nayo yatumika hospitalini. Hata hivyo kidole kilichobanwa siku nzima huchoka.

Ndipo watu walipoirudia njia ya Marey na Mahomed.

MCHORO WARUDI

Njia hiyo haikuwa imekufa katika vyuo. Mwaka wa 1922 Bramwell na Hill wa London walieleza kwa hesabu uhusiano ulioko kati ya mwendo wa wimbi la damu na ulaini wa mshipa: mshipa ukikazwa, wimbi huenda kwa haraka zaidi. Mwaka wa 1937 Alrick Hertzman wa St. Louis aliumulika mwili kwa taa na kupima nuru irudiyo. Nuru hupungua kidogo damu ijaapo na kuongezeka damu ipunguapo. Taa ndogo ya kijani iliyo nyuma ya saa za leo yatoka katika jaribio hilo.

Vifaa vya kuvaliwa bila mkanda hufanya kazi kwa namna mbili au tatu. Vingine huhesabu muda ambao wimbi latumia tangu moyo upigapo hata lifikapo kifundoni. Muda ukifupika, hukadiria kuwa shinikizo limepanda. Vingine hulitazama umbo la wimbi katika nuru, kama Mahomed alivyolitazama katika masizi, isipokuwa sasa kazi ya jicho yafanywa na kompyuta iliyofunzwa kwa michoro mingi. Vingine hutumia sauti nyembamba isiyosikika, au umeme hafifu upitishwao katika ngozi. Mwaka wa 2022 wataalamu wa Texas walitangaza kibandiko cha namna hii, chembamba kama chale.

Turudie mfano wetu. Kama mkanda ni mizani, basi kifaa hiki ni kama mtu akisiaye uzito wa gunia kwa kuutazama mwendo wa mpagazi. Akiwa amewahi kumwona mpagazi yule yule akichukua gunia lililopimwa, makisio yake yaweza kuwa mazuri sana. Mpagazi akizeeka, akiugua au akivaa viatu vipya, makisio hupotea. Kwa sababu hii saa ya Samsung iliyoruhusiwa Korea Kusini mwaka wa 2020 ilitaka irekebishwe kwa mkanda kila baada ya wiki 4. Na bangili ya Aktiia ya Uswisi, iliyopata idhini ya Ulaya mwaka wa 2021, iliuzwa pamoja na mkanda wake. Kifaa kisicho na mkanda, basi, chaazima namba yake katika mkanda.

Hapo pana hatari ambayo mnunuzi haioni upesi. Tuseme kifaa kimeambiwa asubuhi kwa mkanda kwamba shinikizo ni 130. Kifaa hicho kikirudia 130 mchana kutwa bila kupima chochote, na mwenyewe ameketi kwa utulivu, kitaonekana kuwa sahihi. Kitapatikana na kosa pale tu shinikizo libadilikapo, yaani usiku, katika kazi, au baada ya kumeza dawa. Na mabadiliko hayo ndiyo aliyoyatafuta mtu aliponunua kifaa. Kwa kulitambua jambo hili Chama cha Ulaya cha Maradhi ya Shinikizo la Damu kilitoa mwaka wa 2023 utaratibu wa majaribio 6, miongoni mwayo kukijaribu kifaa mtu awapo macho na alalapo, baada ya dawa, katika mazoezi, na mkono uinuliwapo au kushushwa. Hili la mwisho si dogo: mkono ukiinuliwa sentimita 10 juu ya moyo, shinikizo la kifundo hupungua karibu milimita 8 kwa uzito wa damu tu, uzito ule ule uliozuia damu ya farasi isipande zaidi katika kioo. Mwaka mmoja kabla chama hicho kilikuwa kimeshauri kwamba vifaa hivi visitumiwe kuamua nani ni mgonjwa na nani si mgonjwa. Na saa ya Apple, ilipopewa idhini Marekani mwezi wa Septemba 2025, haikupewa idhini ya kutoa namba. Huyatazama mawimbi kwa muda wa siku 30 na kumwonya mtu kwamba huenda ana maradhi, kisha kazi ya kuthibitisha yaachiwa mkanda.

JAMBO LITUHUSULO

Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kuwa mwaka wa 2019 watu wazima wenye umri wa miaka 30 hadi 79 waliokuwa na maradhi haya walikuwa bilioni 1.28, na kwamba karibu nusu yao hawakujijua. Kwa watu hao onyo la saa laweza kuwa la heri. Mtu asiyekanyaga zahanati mwaka mzima akionywa akaenda kupimwa, kifaa kimemfaa, hata kama namba yake si kamili.

Lakini watu wa rangi nyeusi wana swali lao zaidi. Rangi ya ngozi humeza nuru, na nuru ya kijani humezwa zaidi kuliko nyekundu. Mwaka wa 2020 wataalamu wa Michigan walitangaza kwamba vipimo vya nuru vya kidoleni, vipimavyo hewa katika damu, viliukosa upungufu mkubwa wa hewa kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko kwa wagonjwa weupe. Vipimo hivyo vilikuwa vimetumiwa hospitalini kwa miaka mingi. Kifaa kile si hiki, walakini nuru ni nuru. Kifaa kilichofunzwa kwa michoro ya watu wa nchi nyingine hakina budi kujaribiwa kwa watu wetu kabla hakijaaminiwa na watu wetu.

Kwa hiyo mtu aletewapo kifaa cha namna hii, au wizara itakiwapo kuvinunua kwa wingi, maswali ya kuuliza ni machache. Kililinganishwa na nini? Kwa watu gani, wa umri gani na wa ngozi gani? Je, kilijaribiwa usiku, na baada ya dawa? Na baada ya siku ngapi hutaka mkanda tena? Muuzaji asiyeweza kuyajibu ana mchoro mikononi mwake, hana namba.

Mwisho, lugha yetu inayo maneno mawili yatakayotusaidia tukiyatenga vizuri. Mkanda hupima. Kifaa kisicho na mkanda, kwa hali ilivyo leo, hukisia. Katika maelezo yaandikwayo kwa Kiswahili juu ya saa na bangili hizi, aghalabu husemwa kwamba zapima shinikizo la damu, na mgonjwa asomaye hivyo aweza kupunguza dawa zake kwa kuliamini neno moja. Watafsiri, waandishi wa magazeti na walimu wa afya wangefanya vyema kuandika kukisia mpaka majaribio yatakaporuhusu neno jingine.